Turbo Haivushi Mchanga

"Fundi, nifunge turbo gani kwenye Hilux yangu ipite Quionga bila kukwama?" Hakuna. Gari likinasa mchangani kati ya Palma na Namoto, huku mkoani Cabo Delgado, Msumbiji, injini ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Nguvu ya kuzungusha magurudumu inayo, ndiyo maana yanachimba. Ukiiongezea, yatachimba shimo lile lile kwa haraka zaidi.

Kisha kuna wagonjwa wa skrubu ya pampu ya dizeli. Mtu ana injini ya 3L, cc 2,779, isiyo na turbo. Kijana mwenye bisibisi anaifungulia dizeli, gari linafuka moshi mweusi kama tanuri la chokaa, na waliosimama wanashangilia. Moshi ule ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua vizuri. Joto ndani ya injini linapanda, pistoni ziko hatarini, na ukipakia samaki na barafu huoni tofauti ya maana. Utaniambia umeona linavyovuta. Umeona moshi.

Haya, tuseme umepata turbo ya kweli. Piga hesabu. Chukua injini inayotoa newtoni-mita 260. Gia ya kwanza izidishe mara 4 hivi, gia nzito ya fowili mara 2.5, difu mara 4: kwenye ekseli zote kwa jumla unapata zaidi ya 10,000. Ongeza asilimia 30 kwenye injini, na huko kwenye ekseli umeongeza zaidi ya 3,000, mahali ambapo hukubadilisha hata nati. Gurudumu likiteleza mchangani, mzigo huo haufiki wote. Balaa huja pale gurudumu linalozunguka kwa kasi linapokamata ghafla mzizi au jiwe la matumbawe.

Mara nyingi klachi ndiyo inayosalimu amri kwanza. Ukiishusha unaikuta imeungua, uso unang'aa, ripiti zimeanza kukwaruza flaiwili. Mwenye gari anakasirika, anataka klachi ngumu isiyoteleza kamwe. Anafungiwa, na safari inayofuata yanakatika meno ya difu, au ekseli. Hakuondoa udhaifu, ameuhamishia kwenye kitu cha bei zaidi. Tena ekseli ya nyuma ya Hilux ndiyo inayobeba gurudumu: ikikatika pabaya, gurudumu linaondoka nayo. Ya Land Cruiser 79 unaichomoa gurudumu likiwa mahali pake. Kwenye N380, kati ya Macomia na Oasse, hilo si jambo dogo, maana tangu vita vianze mkoani humu mwaka 2017 hakuna anayetaka kulala njiani kule.

Na wanaopita ufukweni wasikilize: difu yenye moto ikizama majini hupoa ghafla na kunyonya maji ya chumvi kwenye sili, kama pumulio lake limeziba. Ukifungua oili ikatoka nyeupe, beringi na meno vimeshaanza kuliwa.

Cha kufanya? Punguza upepo hadi psi 18 hivi kabla ya mchanga, uende taratibu, ujaze tena ukifika barabara ngumu. Ingiza gia nzito mapema, si baada ya kunasa. Shusha mzigo usio na kazi. Badili oili ya difu, pandisha pumulio juu kwa mpira, kagua krosi za propela shafti, weka klachi mpya ya kiwango cha kiwandani. Ukipenda matairi makubwa, badili na uwiano wa difu. Turbo iwe ya mwisho, na siku utakapoileta kwangu, njoo na ekseli za akiba.