Muhogo ukiingia kwenye chapati

Unga wa muhogo ukifika Kisenyi, mnunuzi mzoefu haanzi na bei. Anafungua mdomo wa gunia, anachota kidogo, anausugua kati ya vidole viwili, anaunusa, halafu ndipo mnabishana. Mfanyabiashara mgeni anaweza kudhani anadharauliwa. Sivyo. Mnunuzi huyo anajua kwamba mama anayekaanga kabalagala anataka unga wa aina moja, anayesonga kalo anataka wa aina nyingine, na anayetaka kupunguza ngano kwenye chapati anataka wa aina ya tatu. Kwenye gunia zote tatu zina jina moja.

Suala la kupunguza ngano si geni hapa Kampala, lakini lilishika kasi mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipopandisha bei ya ngano duniani. Siku ya Wafanyakazi mwezi Mei mwaka huo, Rais Yoweri Museveni aliwaambia wananchi kwamba kama hakuna mkate, wale muwogo, yaani muhogo. Wako waliocheka na wako waliokasirika. Wengine tulikwenda jikoni kujaribu.

Mimi nilianza na chapati, tena kwa pupa: nusu ngano, nusu muhogo. Nilipokanda, donge lilikusanyika vizuri na nikajipongeza mapema. Nilipoanza kusukuma, kingo zilipasuka kama udongo mkavu. Nikaongeza maji, likaanza kung'ang'ania kibao. Nikaongeza unga, likapasuka tena. Chapati chache zilizofika kwenye kikaango zililiwa zikiwa za moto, bila sifa wala lawama. Zilizobaki hadi jioni zilikuwa ngumu, na ukizikunja zinakatika.

Sababu iko kwenye ngano yenyewe. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa, protini zake hushikana na kufanya utando unaovutika, ambao wataalamu huuita gluteni. Utando huo ndio unaokuruhusu kusukuma chapati iwe nyembamba bila kutoboka, na ndio unaoshika hewa mkate unapoumuka. Muhogo hauna gluteni hata chembe. Karibu unga wake wote ni wanga, na wanga hauna mvuto ukiwa mbichi. Unanata ukipata maji na moto tu. Kwa hiyo kila kikombe cha muhogo unachoweka mahali pa ngano kinapunguza kamba zinazoshikilia donge.

Hiyo haina maana kwamba haiwezekani. Sehemu moja ya muhogo kwa tisa za ngano, watu wengi hawatatambua kitu. Ukifika moja kwa nne, chapati bado inakunjika ikiwa ya moto, ila unahitaji maji ya uvuguvugu, mafuta zaidi kidogo ndani ya donge, na kulipumzisha nusu saa likiwa limefunikwa. Zaidi ya hapo unapika kitu kingine. Kwa anayekula nyumbani si neno. Kwa kijana wa rolex pale Wandegeya ni hasara, maana biashara yake yote ni chapati inayokubali kuviringishwa na mayai ndani yake. Rolex iliyopasuka katikati inamwaga nyanya kwenye shati la mteja, na mteja huyo kesho atasimama kwenye kibanda cha jirani.

Upande wa pili wa hadithi hii ni kabalagala, na hapo ngano ndiyo mgeni. Kwa msomaji wa Nairobi au Mwanza ambaye jina hilo analijua kama mtaa wa starehe tu, kabalagala ni kitafunio cha ndizi tamu ndogo, zile ndiizi, zilizoiva mpaka ganda linaanza madoa meusi. Zinapondwa, zinachanganywa na unga wa muhogo bila tone la maji, donge linasukumwa, linakatwa kwa mdomo wa kikombe na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Kinachotoka ni cheupe na kilaini? Hapana. Ni kizito, cha kahawia, kinatafunwa taratibu, na kinavutika kidogo kwenye meno.

Uzito huo si kasoro. Maji yote yanatoka kwenye ndizi, na wanga wa muhogo unayanywa na kugeuka mnato mara unapoingia kwenye mafuta ya moto. Weka ngano mahali pa muhogo na hali inabadilika mara moja. Donge linakuwa la mpira, linahitaji hamira au baking powder ili lisiwe jiwe, na likikaangwa linavimba na kuwa na matundu ndani. Ni tamu, sikatai, na watoto wangu wanaipenda. Lakini hiyo ni mandazi ya ndizi, na aliyelelewa na kabalagala atakuambia hivyo kabla hajameza.

Hata ndani ya mapishi hayo hayo, mabadiliko madogo yanaonekana. Ndizi ambazo hazijaiva sawasawa bado zina wanga mwingi na sukari chache, kwa hiyo kabalagala inatoka kavu na ngumu. Unga uliosagwa kwa chenga unaacha mchanga mdomoni. Unga wenye unyevu ndio mbaya zaidi, kwani donge linakuwa tope na mpishi anaendelea kuongeza unga hadi ladha ya ndizi inapotea. Mfanyabiashara anayeuza muhogo usiokauka vizuri anafurahia kilo za ziada kwenye mizani, lakini mama wa kabalagala anajua ndoo yake ya ndizi imekula unga kiasi gani leo kuliko jana. Hesabu hiyo haimpiti.

Kuna mahali muhogo huingia na kuboresha. Ugali wa ulezi mtupu, wimbi kwa wasomaji wa Kenya, hukatika na kumeguka hovyo. Ndiyo maana wasongaji wa kalo wengi huku huongeza unga wa muhogo. Ukichovya tonge kwenye mchuzi wa karanga linabaki tonge. Ukivuka Busia utakuta watu wa upande wa Kenya nao wakichanganya muhogo na mtama au wimbi kwenye ugali wao, kwa sababu hiyo hiyo. Soko hilo halihitaji kufundishwa.

Na tukiwa kwenye vitafunio, neno moja kwa wanaoleta nazi kutoka pwani. Mtu wa Mombasa akila mandazi ya Kampala hulalamika kuwa ni magumu. Mara nyingi tofauti ni tui. Mafuta ya nazi hulainisha donge kwa kuzuia gluteni isikaze sana. Maji matupu hayafanyi hivyo. Maziwa ya ng'ombe husaidia kiasi, ila ganda hubadilika rangi haraka, na mpishi akidanganywa na rangi hiyo ataepua mandazi mabichi ndani.

Turudi kwenye gunia. Unga wa muhogo usiochachushwa, ambao muhogo wake humenywa, kuoshwa, kukwaruzwa, kukamuliwa na kukaushwa haraka baada ya kuchimbwa, hauna harufu na ndio unaofaa kuchanganywa na ngano. Uliochachushwa una uchachu na harufu yake, na walaji wa ugali wa muhogo wengi wanautaka hivyo. Huko Kanda ya Ziwa Tanzania wanauita udaga, na ukivuka Mpondwe kuingia Kongo, mpishi wa fufu anautafuta. Peleka udaga kwa mwokaji wa keki Ntinda na utarudi nao. Peleka ule usio na harufu kwa mlaji wa fufu na ataona umemuuzia wanga wa kupigia nguo pasi. Muuzaji anayesema "unga wa muhogo" tu kwenye simu amesema nusu ya habari.

Lakini kuna badiliko moja ambalo vidole na pua havitoshi kuligundua. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua na 2 wakafa baada ya kula chakula cha unga wa muhogo. Wengine walikuwa wametoka mazishini. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga huo yaelekea ulitokana na muhogo mwitu, wenye sumu nyingi ya sayanidi, badala ya muhogo mtamu wa kawaida. Walaji waliupika na kuula kama unga mwingine wowote.

Muhogo mchungu huliwa salama sehemu nyingi, kwa sababu wenyeji wanajua kuuloweka, kuuchachusha na kuukausha kwa siku kadhaa kabla ya kusaga. Hatari huja pale chakula kinapokuwa adimu, bei ikipanda, na mtu katikati ya mnyororo akaruka hatua au akabadili aina bila kumwambia anayefuata. Baada ya kinu, hakuna tena ganda wala mzizi wa kuangalia.

Kwa hiyo siku hizi nikinunua unga Kampala nauliza maswali matatu kabla ya bei: muhogo ni wa wapi, ni mtamu au mchungu, na ulilowekwa au haukulowekwa. Muuzaji mmoja sokoni Nakawa alinijibu yote matatu bila kusita, akanitajia na siku uliposagwa. Wengine wananitazama kama afisa wa kodi. Ninanunua kwa yule wa kwanza, na kwenye chapati zangu sasa ninaweka kikombe kimoja kwa tisa.