Mbona mlima kwenye skrini hukosa umbali?

WACHORAJI wengi chipukizi wanaochora mandhari kwa tarakilishi hulalamikia jambo moja: mlima waliokusudia uwe mbali huonekana kana kwamba umebandikwa angani kwa gundi. Baadhi yao huilaumu programu na kutumia fedha wasizokuwa nazo kununua brashi mpya za kidijitali. Wengine hukata tamaa wakidhani hawana kipaji. Kwa kawaida, kasoro haimo katika kifaa wala kipaji. Mchoraji amesahau kuichora hewa.

Msafiri akisimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, katika barabara iteremkayo kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, huuona Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, ukiwa wa samawati iliyofifia. Ilhali mlima wenyewe una vichaka, nyasi na miamba ya kahawia! Sababu ni kuwa hewa hutawanya mwanga wa samawati zaidi ya ule mwekundu, na mwanga huo huijaza nafasi iliyo baina ya jicho na mlima. Leonardo da Vinci aliieleza hali hii takriban karne tano zilizopita. Mwanafizikia Mwingereza, Rayleigh, aliifafanua kihesabu mnamo 1871.

Hata hivyo, kupaka mlima samawati pekee hakutoshi. Kinachofifia zaidi kwa mbali ni weusi. Vivuli vya mlimani hupauka mapema, huku sehemu zilizopigwa na jua zikibadilika kidogo tu. Mchoraji atiaye kivuli cheusi kwenye mlima wa mbali huuvuta hadi miguuni pake, hata rangi zikiwa sahihi.

Kwa hivyo, ni afadhali kuanza kwa kijivu pekee, katika matabaka manne: anga, mlima, sakafu ya bonde na migunga iliyo karibu. Weusi uliokolea uachiwe migunga. Sakafu ya bonde nayo, kwa kuwa imelala ikitazama anga, aghalabu hupokea mwanga mwingi kuliko miteremko. Hili husahaulika mno. Rangi zitiwe baada ya matabaka hayo kukubaliana.

Vipimo hivi si vya kudumu. Baada ya mvua kuiosha hewa, Longonot husogea karibu. Wakati wa kiangazi, vumbi huufanya uwe mweupe kuliko samawati. Aidha, ukingo huo hutazama magharibi. Asubuhi jua huwa nyuma ya mtazamaji na makorongo ya mlima huonekana wazi, lakini jioni mlima hugeuka kivuli kimoja kisicho na undani.

Kunakili picha ya simu hakuwezi kuchukua nafasi ya kutazama. Simu nyingi za kisasa huangaza vivuli na kunoa kingo zenyewe, hivyo huharibu umbali uleule unaotafutwa. Mchoraji Mwingereza David Hockney alipochora zaidi ya michoro 50 ya majira ya kuchipua huko Woldgate, Yorkshire, mnamo 2011, alitumia iPad, lakini alirudi kwenye barabara ileile tangu miti ikiwa mitupu hadi ilipojaa majani. Wakati huo alikuwa amepita umri wa miaka 70.

Skrini ina mtego wake pia. Mtu hukuza kona moja ya picha na kushinda saa tatu akichora majani ambayo hakuna atakayeyaona. Dawa yake ni kuipunguza picha mara kwa mara hadi iwe ndogo kama stempu ya barua. Iwapo mlima hautarudi nyuma katika ukubwa huo, majani hayatausaidia. Kuigeuza picha kama iliyo kwenye kioo pia hufichua makosa ambayo jicho lilikwisha kuyazoea.

Asiye na fedha anaweza kujifunza haya yote kwa programu ya Krita, ambayo hutolewa bila malipo. Gharama itakayobaki ni nauli ya kwenda kuutazama mlima wenyewe, mara mbili: asubuhi na jioni.