Kwa Nini Samaki wa Bwawa Hufa Alfajiri

Ndugu mkulima, huenda ukaamka siku moja kabla ya jua kuchomoza, ukawaona samaki wako wote wamepanda juu ya maji, wanapanua midomo. Usidhani wana njaa, wala usiwatupie chakula. Wanakosa pumzi. Usipofanya jambo upesi utawakuta wanaelea tumbo juu, na kazi ya miezi sita imekwisha.

Mabwawa yaliongezeka sana nchini tangu mwaka 2009, Serikali ilipotoa fedha za kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo ya bunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Mkulima wa Bonde la Lambwe ana bahati ya udongo mweusi, maana hushika maji vizuri. Lakini udongo huo hupasuka ukikauka, basi usiache bwawa tupu kiangazi kizima. Hayo ya udongo yatosha. Shida kubwa ni maji yenyewe.

Samaki naye huvuta hewa, ila yeye huipata majini kwa matamvua yake. Hewa hiyo huingia upepo unapopiga uso wa maji, na zaidi sana hutolewa na mimea midogo mno, ile inayofanya maji yawe ya kijani. Jua likiwaka, mimea hiyo hutoa hewa mchana kutwa. Usiku haitoi, nayo pia huvuta. Samaki huvuta, mimea huvuta, na kila kinachooza chini ya bwawa huvuta. Ni kama ghala la mahindi: mchana watia, usiku kucha wote wanachota. Ndiyo sababu saa ya hatari ni alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu mazito.

Hata ziwani jambo hili hutokea. Mwaka 2022 wafugaji wa vizimba katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria walipoteza samaki wengi kwa kukosa hewa. Ikiwa ziwa kubwa hivyo laweza kupungukiwa, bwawa lako dogo je?

Samadi ya ng'ombe au ya kuku ni nzuri, kwa kuwa hulisha ile mimea ya kijani, na ngege huila. Lakini ikizidi huoza na kumaliza hewa. Kipimo unacho mwilini mwako. Nyosha mkono, zamisha kiganja polepole. Kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea maji yakiwa bado karibu na kifundo cha mkono, kijani kimezidi: acha samadi kabisa mpaka maji yapungue rangi. Ukikiona hata maji yanapofika begani, ongeza samadi kidogo. Fanya hivyo kila juma, na usipime baada ya mvua kubwa, maana tope litakudanganya.

Samaki wakianza kutweta, fungulia maji mapya mara moja. Yaanguke kutoka juu, yarukeruke, ndipo yachukue hewa. Kama huna mfereji, watu wawili wachote maji ya bwawa lenyewe kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu mpaka jua lipande. Siku hiyo usilishe.

Sababu nyingine ni tamaa. Ngege wawili au watatu kwa kila mita moja ya mraba watosha, yaani 600 hadi 900 katika bwawa la mita 300. Ukitia 2,000 hutavuna mara mbili. Utavuna samaki wa ukubwa wa kidole. Tena ngege huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi. Mama hulea mayai na watoto kinywani, kwa hiyo wengi hupona, na bwawa hujaa bila wewe kujua. Nunua vifaranga madume, kwani hukua upesi kuliko majike. Au tia kambare wachache, yule Waluo wamwitaye mumi, wapunguze watoto hao. Angalia tu kambare wawe wadogo kuliko ngege siku ya kuwatia, ama watawala wenyeji.

Wako watu wanaotamani samaki wa bahari. Hao hawatakaa katika maji yetu yasiyo na chumvi. Waachie wenzetu wa Kilifi na Kwale, ambao hufuga mwatiko katika mabwawa ya maji ya bahari.

Fyeka majani ya ukingoni. Konokono wa kichocho hupenda kukaa humo, na wewe na watoto ndio mtakaoingia majini. Majani uliyofyeka yatupe mbali na bwawa, yasije yakaoza ndani na kurudisha shida ile ile ya hewa.

Baada ya miezi sita hadi tisa waweza kuvuna. Siku moja kabla, usilishe. Vuna asubuhi kungali baridi, lakini jua liwe limetoka, ili watakaobaki bwawani wasisumbuliwe saa ile wasiyo na pumzi. Na upatane bei na mnunuzi kabla wavu haujaingia majini.