Mti wa ndimu mu ndoo: siku ya kuhama, unahama naye

Mu Kolwezi, mtu wa kulipa nyumba hajui kama mwaka kesho atakuwa angali mu lupango ile ile. Mwaka 2017, kule Kasulo, familia nyingi zilihamishwa sababu ya chimbo. Mti uliopandwa chini haubebwi. Lakini mti wa ndimu ulio mu chombo, watu wawili wanaubeba, unapanda gari pamoja na vitanda.

Kwanza chombo. Hapa, baba, tusikilizane. Pipa lililobeba asidi ao dawa ya kuosha mawe usilete nyumbani, hata ukiliosha mara kumi. Mufuko uliobeba mawe, vile vile. Anza na bidoni ya mafuta ya kula ya litre 20, ukate juu. Mti ukikua, uhamishe mu chombo cha litre 50. Toboa matundu matano ao sita chini, kisha weka chombo juu ya matofali, maji yapate kutoka. Mizizi ya ndimu ikilala mu maji, inaoza.

Pili udongo. Usichote karibu na kiwanda cha kuyeyusha shaba wala ku lundo la mawe ya chimbo. Shaba ikizidi, inaharibu mizizi, majani yanageuka manjano, na mama anafikiri ni maji yamekosa. Tena risasi ya mu udongo ule inashika ku mikono ya watoto, nao wanakula nayo. Chota mbali. Changanya vipimo viwili vya udongo mweusi, kimoja cha mchanga, kimoja cha samadi iliyooza sawasawa.

Tatu mche. Wa mbegu unaweza kukawia miaka mitano na zaidi. Wa kuunganishwa, ule tunaita grefe, unazaa kisha miaka miwili ao mitatu. Usifukie pale walipounganisha, na chipukizi likitoka chini yake, likate.

Weka mti mahali jua inapiga saa sita kwa siku. Mbele ya kunywesha, tia kidole mu udongo: kama juu kumekauka, mwaga mpaka maji yatoke chini, kama kungali baridi, acha. Wakati wa mvula, mara nyingi hakuna kazi. Wakati wa kiangazi ndipo chombo kinakauka mbio. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku ikizidi, sogeza mti ku ukuta.

Neno la mwisho, mama: maji uliyofulia nguo za kazi usimwagie mti. Vumbi ya chimbo iko mule ndani. Yamwage mbali na pale watoto wanachezea.

Mwaka wa kwanza, matunda yakitokea, yatoe, mti upate nguvu. Kisha hapo, siku ya kapenta, hautatuma tena mtoto ku soko sababu ya ndimu moja.