Ganda la Chuma: Utangulizi wa Elimu ya Risasi kwa Msomaji wa Katavi

Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya watu ambao hawakai meza moja: askari wa uhifadhi anayepiga doria katika bonde la Katuma, mpelelezi wa polisi wa Mpanda, na mwanafunzi anayetaka kujua silaha za kisasa zilifikaje magharibi mwa Tanzania. Kazi zao ni tofauti, lakini wote huishia kushika kitu kilekile kidogo, ganda la risasi. Karibuni nyote. Elimu hii haidai maabara kubwa wala shahada ya uhandisi. Ukiwa na sumaku ndogo, kioo cha kukuzia na daftari, unaweza kuanza leo.

Swali litakalotuongoza linaulizwa kila mahali penye bunduki: je, risasi ya bei nafuu, yenye ganda la chuma, inaaminika? Wengi hujibu haraka kwamba haiaminiki, na hoja yao ni bei yake. Mimi nashikilia kwamba bei haituambii lolote la maana mpaka tujue mambo mawili: risasi hiyo inatiwa katika bunduki gani, na imehifadhiwa wapi tangu itoke kiwandani. Kwa mkoa wa Katavi, la pili ndilo zito zaidi.

Tuanze na bunduki zenyewe. Atakayesoma taarifa za polisi wa mikoa yetu atakutana na majina matatu mara kwa mara. Gobore hupakiwa baruti mdomoni mwa mtutu, nalo halina ganda, kwa hiyo halituhusu sana hapa, ingawa ndilo silaha ya wengi wanaowinda nyama porini. SMG ni jina ambalo askari wetu wamezoea kuipa bunduki ya jamii ya Kalashnikov, hasa ile ya Kichina. SAR ni bunduki ya nusu otomatiki iliyobuniwa na Mrusi Simonov mwaka 1945 na kuigwa baadaye China: kila ukivuta kifyatulio inatoa risasi moja, kisha inatema ganda na kujipakia yenyewe. SMG na SAR zinakula risasi moja, ile ya milimita 7.62 kwa 39 iliyobuniwa katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1943, wakati wa vita.

Mwaka huo unaeleza mengi. Shaba ilikuwa adimu, chuma kilikuwepo. Risasi hii ililelewa katika dunia ya ganda la chuma, na umbo lake linalionyesha hilo: limenenepa kitakoni na kupungua unene kadiri linavyoelekea shingoni. Ganda la umbo hilo likirudi nyuma hata kidogo tu, linaachana na kuta za chemba pande zote kwa pamoja. Chemba za bunduki hizi nazo zimeachiwa nafasi ya kutosha, na ndoano inayovuta ganda ni nene. Walioichora bunduki na walioichora risasi walikuwa wanafikiria tatizo moja.

Tatizo hilo ni hili. Baruti ikilipuka, ganda hutanuka likabana kuta za chemba na kuzuia gesi isirudi nyuma. Shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, ni laini na inanyumbuka: inatanuka upesi, kisha inajirudisha na kuachia. Chuma ni kigumu zaidi. Hakibani vizuri, kwa hiyo gesi kidogo hupenya kandokando na kuacha masizi ndani ya chemba. Na kikishatanuka hakirudi kama shaba irudivyo. Masizi yakizidi, ganda hunasa. Wapo wanaoamini kwamba lakeri, ile rangi ya kijani inayopakwa ganda ili lisishike kutu, huyeyuka kwa joto na kuligandisha ganda chembani. Maelezo hayo yamesambaa sana kuliko ushahidi wake. Mkosaji wa kweli, mara nyingi, ni masizi.

Mwaka 2013 kampuni ya Marekani inayouza risasi, Lucky Gunner, ilichapisha jaribio ambalo kila anayeingia katika elimu hii anapaswa kulifahamu. Walichukua bunduki nne za aina ya AR-15, kila moja ikatengewa risasi 10,000 za chapa moja: chapa moja ya ganda la shaba, tatu za chuma. Ile ya shaba ilimaliza bila kukwama. Mbili za chuma zilikwama mara chache mno ukilinganisha na idadi hiyo. Ya nne ilinasa maganda mpaka ikaondolewa kabla ya kumaliza. Waligundua pia kwamba mitutu iliyotumia risasi za chuma ilichakaa mapema zaidi, kwa sababu si ganda peke yake lililokuwa la chuma: kichwa chenyewe kilikuwa na koti la chuma lililopakwa shaba nyembamba. Ndiyo maana nilitaja sumaku. Ipeleke kwenye ganda, kisha kwenye kichwa cha risasi, na utajua mambo mawili ambayo macho hayakuambii.

Lakini msomaji wa Katavi asiyahamishe matokeo hayo yalivyo. AR-15 hutumia risasi nyembamba ambayo kuta za ganda lake ni karibu wima, na chemba yake inabana. Kuchukua ganda la chuma na kulitia humo ni kuiomba bunduki kitu ambacho haikuandaliwa. SAR na SMG ziliandaliwa. Katika bunduki hizi, risasi ya chuma iliyotengenezwa vizuri na kutunzwa vizuri hufanya kazi kwa uaminifu ambao bei yake haiutangazi.

Kutunzwa, basi, ndiko kunakonifanya niandike kutoka huku. Mvua zetu huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na mbuga zinazoizunguka Katuma na maziwa ya Katavi na Chada hujaa maji. Kisha huja miezi ya ukame, udongo ukapasuka na vumbi likaingia kila kitu, huku viboko wakirundikana katika matope yaliyobaki. Risasi iliyokaa ndani ya bati lake lililofungwa kiwandani haijali majira hayo. Risasi iliyotolewa, ikabebwa mfukoni miezi kadhaa, ikashikwa kwa mikono yenye jasho, ikapigwa na mvua na kukaushwa juani, ni risasi nyingine kabisa. Lakeri imechubuka, kutu imeanza, na unyevu umetafuta njia kwenye kiwashio.

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Risasi nyingi za kijeshi za zamani, za Kisovyeti na za Kichina, zina viwashio vyenye kloreti ya potasiamu. Vikishawaka, huacha chumvi mtutuni na kwenye pistoni ya gesi, na chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani. Mafuta peke yake hayaiondoi, kwa sababu chumvi huyeyuka katika maji. Bunduki ioshwe kwa maji, ya moto yakipatikana, ikaushwe, ndipo ipakwe mafuta. Nimesikia lawama nyingi zikitupiwa ganda la chuma wakati kilichokwamisha bunduki kilikuwa pistoni iliyooza kwa kutu ya kiwashio.

Kwa hiyo naomba mwanafunzi asikubali neno "imekwama" bila kuuliza zaidi. Risasi isiyowaka kabisa ina shida ya kiwashio, au ya kipiga kiwashio. Inayowaka kwa sauti hafifu na kushindwa kusukuma mtambo nyuma ina baruti iliyoharibika. Inayowaka vizuri lakini ganda likabaki chembani ndiyo inayotupeleka kwenye chuma na masizi, na hapo mara nyingi utaona ukingo wa ganda umekwanguliwa au kuchanwa na ndoano. Haya ni magonjwa matatu, na tiba ya moja haiponyi jingine.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka zaidi ya 100,000 hadi karibu 43,000, na wengi waliuawa kwa bunduki. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Haikumaliza hata mwezi wa pili, ikasitishwa kwa sababu ya malalamiko ya mateso na vifo vya raia, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Naamini kabisa kwamba ganda lililookotwa kwa uangalifu ni njia ya haki kuliko kipigo. Lina alama za kipiga kiwashio na za ndoano. Kitakoni lina muhuri: katika risasi nyingi za Kichina ni namba ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Muhuri hautaji muuaji. Hata njia ya risasi hautaji yote, kwani risasi ya mwaka fulani inaweza kuvuka mipaka na Ziwa Tanganyika miongo mingi baadaye, na kuna viwanda karibu nasi pia: Mzinga huko Morogoro, Eldoret nchini Kenya, Nakasongola nchini Uganda. Hata hivyo mihuri mingi ikikusanywa pamoja huanza kuonyesha mikondo. Mwenyeji wa Katumba au Mishamo, ambaye mara nyingi hushukiwa kwa sababu tu wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, anastahili ushahidi wa namna hiyo kabla hajanyooshewa kidole.

Hapa ganda la chuma lina udhaifu ambao hautajwi na wanaojadili bei. Kwa ugumu wake, hushika alama hafifu kuliko shaba. Tena linaoza. Ganda la shaba linaweza kulala porini miaka mingi na muhuri wake ukasomeka. La chuma, lakeri yake ikishachubuka, huanza kuliwa na kutu mara mvua zinapoingia, na herufi za kitakoni ni miongoni mwa vitu vinavyopotea mapema. Doria inayofika kwenye mzoga mwezi Septemba na kuyaacha maganda hapo kwa sababu "yatakuwepo tu" huenda isikute cha kusoma mwaka unaofuata.

Askari wa doria anaweza kuanza moja kwa moja na sura ya nne, inayoeleza namna ya kuokota ganda, kulipiga picha mahali lilipo, kuandika alama za GPS na kulitia katika bahasha ya karatasi, wala si ya nailoni, kwa maana nailoni hufungia unyevu. Mwanafunzi wa historia aende sura ya sita, yenye njia za silaha kuzunguka Ziwa Tanganyika tangu Wabelgiji walipojenga ngome Karema mwaka 1879. Mpelelezi asome ya tano kwanza, akiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 mkononi, kisha arudi kwenye ya pili, ambako ganda limekatwa katikati na kuchorwa kwa ukubwa, kila unene wa ukuta wake ukiwa umepimwa.