Mtaji Usioandikwa

Tembea Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa, saa za jioni wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaporudi nyumbani. Kuna kibanda cha sukuma wiki, duka la M-PESA, vijana wa boda boda, na mama samaki na karai lake la mafuta. Watafute kwenye sajili ya kampuni: wengi hutawakuta. Profesa wa biashara anayejua kazi yake huanzia hapo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema wazi kwamba wachuuzi na mafundi wadogo wanafanya kazi halisi, ila serikali haiwatambui na mara nyingi huwahangaisha. Kenneth King wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliwafuata mafundi hao, akatoa kitabu mwaka 1977 na kingine kuhusu jua kali, yaani kazi ndogo zisizo rasmi, mwaka 1996. Karibu miaka ishirini kati ya vitabu viwili: utafiti wa aina hii hauna haraka.

Profesa Bitange Ndemo wa Kenya alipitia njia nyingine. Alisoma Minnesota, Marekani, akachukua uzamivu Sheffield, Uingereza, kisha akafundisha ujasiriamali Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliandika kuhusu ujasiriamali wa Wamaasai na miradi ya mashirika ya kidini. Kati ya 2005 na 2013 alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Habari na Mawasiliano. Wakati huo TEAMS, mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari, ukafika Mombasa mwaka 2009, na tovuti ya takwimu huria za serikali ikafunguliwa mwaka 2011. Baadaye alirudi darasani, na mwaka 2017 yeye na Tim Weiss wakahariri kitabu kuhusu wajasiriamali wa kidijitali wa Kenya. Makala zake magazetini zilimfikia msomaji asiyegusa jarida la kitaaluma.

Mtafiti wa namna hiyo angeuliza nini Kihoto? Angeanza na mtaji. Mama samaki huchukua mzigo asubuhi kwa deni, hulipa jioni, naye huwakopesha majirani hadi mwisho wa mwezi. Akiba yake iko kwenye chama, kikundi cha kuchangiana. Hakuna benki inayouona mzunguko huo, lakini ndio unaomweka sokoni.

Ziwa lilipofurika mwaka 2020, na tena 2025, familia nyingi zilihama. Mfanyabiashara aliyehama hakuacha nyuma kuta na meza tu. Wadeni wake walitawanyika, wateja wakapotea, chama kikakosa wa kuchanga. Fidia inayohesabu mabati na bidhaa pekee itamrudishia kibanda kisicho na biashara ndani yake. Basi profesa na ahesabu uhusiano huo pia, kisha apeleke hesabu yake kwa kaunti na kwenye kikao cha chama, ili waliomjibu maswali waikosoe kabla haijachapishwa.