Kutoka "Homa ya Ini" hadi Kinga ya Mwili: Usuli wa Utafiti

Sehemu hii inaeleza namna mtafiti alivyoifikia mada ya ugonjwa wa ini na kinga ya mwili. Mtafiti alilelewa Kilakala, katika Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Huko, kama kwingineko nchini, ugonjwa unaosababishwa na virusi vya hepatitisi B huitwa homa ya ini. Jina hilo ndilo lililozaa swali la utafiti: je, istilahi hii humwelekeza msikilizaji au humpotosha?

Neno "homa" huashiria joto la mwili. Hata hivyo, mwenye maambukizi sugu ya hepatitisi B aweza kuishi miaka mingi bila homa wala maumivu, huku ini likiendelea kupata makovu. Ndugu mmoja wa mtafiti, alipopewa majibu ya kipimo cha damu, alisema kwamba hana homa, hivyo haumwi. Kauli hiyo ilikuwa sahihi kwa mujibu wa lugha, lakini ya hatari kwa mujibu wa tiba. Aidha, jina hili huchanganywa na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu, ilhali hepatitisi B huenezwa kwa damu na majimaji mengine ya mwili, na pia kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kujifungua.

Hapo ndipo swali la lugha lilipomlazimu mtafiti kusoma elimu ya kinga. Kwa kawaida virusi hivi haviui seli za ini moja kwa moja. Madhara mengi hutokana na seli za kinga zinazoshambulia seli za ini zilizoambukizwa. Kinga ya mtu mzima aghalabu hufaulu kuvidhibiti virusi, na maambukizi yanayogeuka kuwa sugu ni chini ya asilimia 5. Kwa wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, kiwango hicho hufikia takribani asilimia 90. Kwa hiyo, sitiari ya kinga kama "askari wa mwili" haitoshelezi: haielezi jinsi mlinzi anavyoweza kuiharibu nyumba anayoilinda, wala kwa nini ukimya wa mwili si ushahidi wa uzima.

Suala hili linagusa kizazi kizima. Chanjo ya hepatitisi B iliingizwa katika ratiba ya chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, akiwamo mtafiti, hawakufikiwa na ratiba hiyo. Kwao, kipimo ndicho kinachobainisha hali, na jina la ugonjwa laweza kumpeleka mtu kupima au kumzuia. Kwa msingi huo, tasnifu hii inazitathmini istilahi za ugonjwa wa ini kwa kigezo kimoja kikuu: iwapo msikilizaji asiye na dalili yoyote atatambua kwamba anahusika.